Kikao cha Mazishi Rusinga: Nani Humvumilia Nani?

Mtu akifa Rusinga, kabla ya kuzungumzia ng'ombe, mahema na nauli ya wanaotoka Nairobi, kikao cha familia huanza na siku. Waluo wengi siku hizi huzika Jumamosi, kwa kuwa walio kazini mijini hupata nafasi ya kusafiri Ijumaa usiku na kurudi Jumapili. Lakini kisiwa hiki, kama ufuo wote wa kusini mwa Ghuba ya Winam, kina Wasabato wengi, na Msabato haziki siku ya Sabato. Basi hapo hapo chini ya mti, mwili ungali mochari, dini huingia kikaoni hata kabla ya chai kuletwa.

Tuchukue boma la mfano, la aina ambayo mtu yeyote wa Mbita au Sindo ataitambua. Marehemu alikuwa mzee wa kanisa la Kisabato. Mdogo wake ni Mkatoliki, na mke wa huyo mdogo ni wa Legio Maria, mwenye kanzu yake na rozari yake. Binti mmoja aliolewa na Mwislamu wa Kendu Bay; mkwe huyo anashangaa, kwa adabu, inakuwaje maiti ikae siku kumi bila kuzikwa. Shangazi mkongwe hataki kusikia habari ya mazishi yasiyo na tero buru, ile desturi ya kuswaga ng'ombe kwa nyimbo na mikuki ili kifo kifukuzwe bomani. Na mjukuu, aliyemaliza chuo na kuokoka akiwa Nairobi, anasema waziwazi kwamba ng'ombe hao wakitolewa yeye ataondoka, kwani hayo ni mambo ya mapepo.

Tazama mkali ni nani hapo. Shangazi ataomba, atanung'unika, mwishowe atakubali ng'ombe wazunguke kimya jioni wakati mchungaji hayupo. Mkatoliki atasema Ijumaa ni sawa. Mkwe Mwislamu atakaa upande wa wageni na kungoja. Asiyeweza kuketi na wengine ni yule kijana mwenye shahada.

Tumezoea maelezo mawili kuhusu vizazi na dini, na yote mawili hayafai kitu katika kikao hiki. La kwanza husemwa mijini: wazee wamefungwa na dini zao na mila zao, vijana wamesoma, wamesafiri, wamefunguka. La pili husemwa na wazee wenyewe: vijana hawana dini tena, ndiyo maana wanachanganya kila kitu. Ninavyoona mimi, umri peke yake haumfanyi mtu mvumilivu wala mkali. Kinachomfanya mkali ni upya wa imani yake, na ukali huo hauelekezwi kwa dini iliyo mbali. Huelekezwa kwa ile aliyoiacha juzi. Mtu aliyetoka katika mizimu hana neno na Mhindu. Ana neno na mizimu. Aliyetoka Ukatoliki hamsumbui Mwislamu, anamsumbua Mkatoliki. Ukitaka kujua kizazi fulani kitavumilia nini, uliza kwanza kimetoka wapi.

Historia ya ziwa hili inalionyesha jambo hilo mara nne au tano mfululizo, na kila mara walio mstari wa mbele ni vijana.

Rusinga ni kisiwa cha Abasuba, watu wa asili ya Kibantu ambao mapokeo yao husimulia kwamba mababu walivuka maji kutoka pande za Buganda na Busoga. Kwa vizazi kadhaa wamekuwa wakizungumza Dholuo, na kanisa na shule vilichangia sana, kwa sababu mahubiri na masomo ya mwanzo yalikuja kwa Dholuo. Hawa ni watu ambao kubadilika hakukuanza kwao na wazungu. Mwaka 1903 wamisionari Wakatoliki wa Mill Hill walifika Kisumu. Mwaka 1906 Waanglikana walianza Maseno, na mwaka huo huo Mkanada Arthur Carscallen, pamoja na Peter Nyambo mzaliwa wa Nyasaland, yaani Malawi ya leo, walifika Gendia karibu na Kendu Bay kuanzisha kazi ya Waadventista wa Sabato. Kutoka Gendia, Usabato ulisambaa ufuo mzima wa kusini hadi visiwani.

Wazee hawakuwa wa kwanza kuzifuata dini hizo. Waliotangulia walikuwa wavulana wa shule na vijana waliotaka kusoma na kuvaa. Waluo waliwaita jonanga, watu wa nguo. Waliacha kung'olewa meno sita ya chini, alama ya utu uzima wa Mluo. Waliacha pombe ya matambiko. Katika kisiwa cha wavuvi hata samaki waligawanyika: kambare, asiye na magamba, akawa najisi kwa Msabato, na anayeishika Sabato sawasawa hashushi wavu Ijumaa jua likishatua. Hebu fikiria ilikuwaje kwa mzee wa boma kumwona mwanawe akiisukuma sahani aliyopikiwa na mama yake. Haikuwa hoja ya kitabu. Mtoto alikuwa anamwambia mama kwamba chakula chake ni kichafu. Hao ndio mababu wa Wasabato wapole tunaowajua leo, na katika siku zao walikuwa wakali kuliko mlokole yeyote wa sasa.

Upande wa pili nao ulijibu. Mwaka 1913 Onyango Dunde wa Alego alitangaza kwamba nyoka mkubwa wa ziwani, Mumbo, amemmeza na kumtapika akiwa na ujumbe: dini ya wazungu imeoza, rudini kwa Mumbo. Ujumbe huo ulienea kusini mwa Nyanza hadi Kisii, na serikali ya kikoloni ikaupiga marufuku. Watu huuweka katika historia ya siasa, na ni haki, lakini ulikuwa pia fundisho kuhusu dini ya mwingine, na fundisho hilo lilikuwa la kukataa moja kwa moja.

Katikati ya kambi hizo mbili alisimama mtu ambaye nadhani hatujamtazama vya kutosha. Johana Owalo wa Asembo alipitia Ukatoliki, misheni ya Waskoti, Uislamu na shule ya Waanglikana ya Maseno, ndipo akaanzisha Kanisa la Nomiya, linalohesabiwa kuwa kanisa la kwanza la Waafrika kujitegemea nchini Kenya. Alifariki 1920. Kwa mafundisho yake Yesu hakuwa Mungu, na wavulana walitahiriwa, jambo geni kabisa kwa Waluo. Mtu aliyepita milango minne ungetarajia atakuwa na huruma na kila nyumba aliyolala. Lakini Owalo alijitenga na zote. Wafuasi wake walichekwa kwa tohara yao, kama Waislamu wa Kiluo walivyochekwa, kwa miaka karibu mia.

Hapo kwenye tohara kuna jambo la kutafakari. Mwishoni mwa 2008 serikali ilianza Nyanza mpango wa tohara ya hiari ya wanaume, baada ya utafiti uliofanywa Kisumu na kwingineko kuonyesha kwamba inapunguza hatari ya kuambukizwa virusi vya UKIMWI. Wavulana na vijana wengi walitahiriwa kliniki. Leo mvuvi wa Rusinga wa miaka 25 aliyetahiriwa hana habari kwamba kovu lake lilikuwa mpaka wa dini. Babu yake alimjua Mnomiya na Mwislamu kwa kisu, yeye hawezi. Hakuna mahubiri yaliyouondoa mpaka huo wala warsha ya maelewano. Uliondolewa na muuguzi. Nalitaja kwa sababu tunapoona vijana wamelegeza jambo fulani, tunakimbilia kusema ni elimu au ni uvumilivu, kumbe wakati mwingine ni kwamba alama yenyewe imefutika.

Kisha ikaja 1963. Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko, mama kijana aliyekuwa amefiwa na watoto wake, waliwaongoza maelfu kutoka Kanisa Katoliki na kuunda Legio Maria. Walitoka na rozari, na sala za Kilatini, na mavazi ya ibada, na Bikira Maria. Wakaongeza unabii, uponyaji na vita dhidi ya uchawi. Waumini wakamkiri Ondeto kuwa Masiha. Kwa Wakatoliki waliobaki hilo lilikuwa kufuru, na uchungu wake ulizidi kwa sababu lilisemwa kwa lugha yao wenyewe, kwa rozari yao wenyewe. Ondeto alifariki 1991, na kaburi lake liko Got Kwer, Migori, ambako mahujaji hupanda hadi leo. Nyumba nyingi zilizogawanyika wakati ule zimeungana tena. Wajukuu wa Legio husoma shule za Wakatoliki, huoa kwao, huimba pamoja matangani. Vita vimezeeka pamoja na waliovipigana.

Kati ya vizazi hivyo vya waasisi kuna kizazi ninachokipenda, na sifichi. Ni wale waliozaliwa katika nyumba ambazo tayari zilikuwa za Kikristo, takriban kati ya 1930 na 1960. Hawakuongoka, walizaliwa ndani. Kwa hiyo hawakuwa na deni la kuthibitisha kitu. Mtoto maarufu wa Rusinga, Tom Mboya, ni wa kizazi hicho: alizaliwa 1930, mtoto wa wazazi Wakatoliki, akasoma Yala na Mang'u katika shule za misheni. Alipouawa tarehe 5 Julai 1969, Misa ya kumwombea ilifanyika katika kanisa kuu la Familia Takatifu jijini Nairobi, kisha mwili ukasafirishwa hadi kisiwani, katika ardhi ya baba zake, ambako kaburi lake ndilo alama inayojulikana zaidi Rusinga. Misa na ardhi ya ukoo: watu wa kizazi kile hawakuona haja ya kuchagua.

Wao ndio waliojenga utaratibu usioandikwa ambao boma letu la mfano bado linautumia. Mchungaji ana saa zake, wazee wana saa zao. Padri akishaondoka, ng'ombe hutoka. Mjane huvaa sare ya kwaya mchana, na usiku mambo mengine huzungumzwa jikoni. Vijana huuita unafiki. Mimi nasema hapana. Mnafiki hudanganya, hawa hawakumdanganya mtu, kwa maana kila mmoja alijua. Walikuwa wamegundua kwamba jamaa wakitaka kubaki jamaa, kuna mambo ya kuwekewa zamu.

Utaratibu huo ulivunjika hadharani mara moja, na taifa zima likaona. Wakili S. M. Otieno alipofariki Desemba 1986, mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika karibu na Nairobi, akidai mumewe aliishi maisha ya kisasa ya Kikristo na hakufungwa na mila. Ukoo wa Umira Kager ulidai azikwe kwao. Mei 1987 Mahakama ya Rufani iliamua upande wa ukoo, na akazikwa Nyalgunga, Siaya. Kesi ilisomwa na wengi kama ugomvi wa kabila na wa jinsia, na ilikuwa hivyo. Lakini ndani yake kulikuwa na swali la dini pia: je, Ukristo wa mtu unafuta dini ya baba zake, au unakaa juu yake? Mjane alisema unafuta. Ukoo ulisema unakaa juu. Kwa miaka iliyofuata, kila kikao cha mazishi pwani hii ya ziwa kimekuwa kikijibu swali hilo upya.

Hapa sina budi kusimama kwa ajili ya wajane, kwa sababu hadithi ya uvumilivu wa wazee ina upande ambao wanaume hupenda kuuruka. Zamu zile nzuri za mchungaji na wazee, mara nyingi aliyelipa gharama yake ni mwanamke. Tero, desturi ya mjane kuchukuliwa na ndugu wa marehemu, ilikuwa ndani ya mambo yaliyozungumzwa usiku jikoni. UKIMWI ulipoingia vijiji vya wavuvi, desturi hiyo ilibeba kifo kutoka boma hadi boma. Kwa mjane aliyetaka kukataa, kanisa jipya na kali lilikuwa ukuta wa pekee wa kujikinga. Angesema "sitaki" angeitwa mkaidi, angetishiwa chira, ile laana inayomdhoofisha avunjaye mwiko. Akisema "nimeokoka" alikuwa na kundi la wanawake nyuma yake. Margaret Ogola, katika riwaya yake The River and the Source ya 1994, alimpitisha Nyabera katika njia hiyo hiyo: mjane aliyechoshwa na kurithiwa anakimbilia misheni ya Kikatoliki, na mama yake Akoko anamfuata. Kwa hiyo ukimsikia mama wa miaka 60 akizikemea mila kwa sauti ya ukali, usiharakishe kumwita asiyevumilia. Muulize kwanza mila zilimfanyia nini. Kuna kukataa dini ya mwingine, na kuna kukataa kufanywa mali kwa jina la dini. Ukizipima kwa kipimo kimoja utakuwa umemwonea.

Turudi kwa mjukuu. Rusinga iliunganishwa na Mbita kwa tuta katika miaka ya 1980, na baadaye likajengwa daraja ili maji yapite. Barabara ilileta magari, magari yakaleta vipaza sauti na mahema ya mikutano ya injili. Redio na televisheni za kidini ziliongezeka baada ya milango ya utangazaji kufunguliwa miaka ya 1990, na leo mahubiri yamo ndani ya simu. Ujumbe mmoja unarudiwa kuliko mingine yote: umaskini wako, ugumba wako, ajira uliyokosa, vimetoka katika madhabahu za ukoo wako, livunje agano la mababu. Kijana anayesikia hivyo tangu akiwa na miaka 12 hawezi kuutazama wimbo wa shangazi kama wimbo. Anaona mlango wa pepo. Mafundisho haya yana kejeli ndani yake isiyoonwa na wanaoyafundisha: yanamwamini mzimu kuliko shangazi anavyomwamini. Shangazi humpa mzimu nafasi ndogo jioni moja. Kijana amempa mzimu uwezo wa kumnyima kazi Nairobi.

Sensa inaonyesha jinsi dini ya mababu inavyokimbiwa jina. Mwaka 2009 Wakenya zaidi ya 635,000 waliandikishwa kuwa wa dini ya jadi. Mwaka 2019 walikuwa 318,727 kati ya watu milioni 47.6. Idadi imepungua nusu huku taifa likikua. Mtu angedhani hao waliopotea wamekuwa wasioamini, lakini wasio na dini nao walipungua, kutoka zaidi ya 922,000 hadi 755,750. Waliohama walihamia makanisani, na pengine hawakuhama sana. Nani kati ya wanaozunguka na ng'ombe jioni alimwambia karani wa sensa kwamba ana dini ya jadi? Aliandikwa Mkatoliki, au Msabato. Hata vijana wanaokemea juogi, mizimu ya Kiluo, Jumapili, hushangilia Jumamosi timu ya soka iliyoundwa 1968 ikapewa jina la Gor Mahia, mganga na mtawala wa Kanyamwa aliyejulikana kwa miujiza kuliko Mluo yeyote wa siku zake. Hakuna anayeona neno. Mganga akishakuwa jezi, hatishi tena.

Kwa Uislamu mambo yamekwenda kinyume, na hapa kizazi cha wazee kina jambo la kutufundisha. Mzee wa ufuo huu alimjua Mwislamu kwa uso. Wafanyabiashara Waswahili na Wahindi waliweka maduka na msikiti Kendu Bay, na Waluo wakasilimu humo. Hussein Onyango Obama, mtu wa Kanyadhiang karibu na mji huo, alijaribu Ukristo kisha akachagua Uislamu. Mwanawe Barack alikulia humo na baadaye hakushika dini yoyote. Mjukuu wake akawa Mkristo na rais wa Marekani. Vizazi vitatu, njia tatu, na ukoo haukuvunjika. Mama Sarah Obama, mjane wa Hussein Onyango, alipofariki Machi 2021, alizikwa Kogelo kesho yake kwa taratibu za Kiislamu, na majirani Wakristo, waliozoea matanga ya wiki nzima, wakaja asubuhi hiyo wakazika.

Kijana aliyezaliwa 1998 hakukutana na Uislamu dukani Kendu Bay. Alikutana nao kwenye runinga. Alikuwa mtoto wa shule Westgate iliposhambuliwa Septemba 2013 na watu 67 wakauawa, na alikuwa anajiandaa kwenda chuo tarehe 2 Aprili 2015, siku watu 148 walipouawa Chuo Kikuu cha Garissa baada ya wauaji kuwatenga Wakristo na Waislamu. Huwezi kumlaumu kwa hofu hiyo. Lakini Desemba mwaka huo huo, karibu na El Wak, Waislamu ndani ya basi lililotekwa walikataa kutengwa na abiria Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi na akafariki mwezi uliofuata. Nimewauliza vijana wengi wa huku. Garissa wanaijua wote. Salah Farah humtaja mmoja mmoja.

Hata hivyo kizazi hiki hakina sura moja. Waliosoma Nairobi, Mombasa au Eldoret na kulala chumba kimoja na Mwislamu hurudi wakisema lugha nyingine kabisa, na tofauti kati yao na ndugu zao waliobaki kisiwani ni kubwa kuliko tofauti kati ya baba na mwana. Chumba cha hosteli hufanya kazi ile ile iliyofanywa na duka la Kendu Bay miaka 70 iliyopita.

Siasa nayo ina mkono wake. Agosti 2010 viongozi wa makanisa mengi waliwataka waumini waikatae Katiba, mojawapo ya sababu ikiwa mahakama za Kadhi. Nyanza ilipiga kura ya Ndiyo kwa wingi mkubwa sana, wazee kwa vijana, Wasabato kwa Wakatoliki. Singependa kusema huo ulikuwa upendo kwa Waislamu. Watu walimfuata kiongozi wao wa kisiasa na matumaini yao ya ugatuzi. Lakini mahakama za Kadhi zimebaki, katika Ibara ya 170, na Ibara ya 32 inamlinda kila mtu katika imani yake. Watu wa hapa wamefaidika: mwaka 2017 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba wanafunzi Wasabato wasilazimishwe masomo na mitihani siku ya Sabato. Nyumba nyingi za Homa Bay na Migori zilishukuru. Januari 2019 Mahakama ya Juu ilitengua uamuzi uliowaruhusu wasichana Waislamu wa shule moja ya Isiolo kuvaa hijabu, kwa hoja ya utaratibu, na huku kwetu sikusikia sauti. Aliyepigania Jumamosi yake miaka mingi angekuwa wa kwanza kuelewa kitambaa cha msichana wa Isiolo.

Tangu Aprili 2023 kuna kivuli kipya juu ya mazungumzo haya yote. Mamia ya miili ya waumini walioambiwa wafunge hadi kufa ilifukuliwa Shakahola, kaunti ya Kilifi, na miaka miwili baadaye, Aprili 2025, polisi waliwaondoa watu 57 katika kanisa moja huko Opapo, Rongo, kaunti ya Migori. Vijana wengi sasa husema kila kanisa dogo ni "dhehebu la hatari", na wanaonyooshewa kidole haraka ni wenye kanzu na ngoma: Legio, makanisa ya Roho, Nomiya. Hili ni kosa. Makanisa ya Kiafrika yana waumini wapatao milioni 3.3 kwa sensa ya 2019, na mengi yamekaa na majirani zao kwa amani tangu kabla ya uhuru. Anayewafungia watu, anayewanyima watoto chakula na dawa, ashtakiwe kwa kosa hilo, avae suti au kanzu. Kuvumilia dini hakumaanishi kufumba macho mtoto akifa njaa, na kulinda watoto hakumpi mtu ruhusa ya kumcheka bibi mwenye rozari.

Wachunguzi wa maoni hutupa moyo. Afrobarometer ilipouliza watu katika nchi 33 za Afrika, matokeo yakatolewa 2016, wastani wa asilimia 87 walisema wangependa au hawangejali kuwa na jirani wa dini nyingine. Nayaamini matokeo hayo. Ila swali lilikuwa la jirani, na jirani ana ua wake. Rusinga swali halikomei uani. Ni nani atamwoa binti yangu, mtoto atapewa jina gani na kubatizwa wapi, nani atasimama kichwani pa kaburi langu. Hapo ndipo wazee huonekana wapole kuliko majibu yao ya dodoso, kwa sababu wameshazika wengi. Na vijana huonekana wakali kuliko majibu yao, kwa sababu bado hawajawahi kuwa wenye matanga.

Tunaweza kungoja wazeeke. Mjukuu wa kikao chetu, akifika miaka 60 na kuzika kaka zake wawili, huenda naye atawaachia ng'ombe wapite jioni. Ndivyo ilivyokuwa kwa Wasabato wa kwanza na Legio wa kwanza. Lakini kungoja ni ghali, na shangazi hatakuwepo.

Shule ingeweza kufanya jambo sasa. Mwanafunzi wa Kenya husoma elimu ya dini moja: ya Kikristo, ya Kiislamu au ya Kihindu. Mtoto wa Rusinga anaweza kumaliza sekondari bila kufundishwa kwa nini Mwislamu huzika siku hiyo hiyo, na dini ya mababu huisoma katika sura chache, kama mambo ya kale yaliyotangulia Biblia, ilhali nyanya yake yuko hai na angemweleza kwa Dholuo. Walimu wa Mbita na Suba, nawaomba jambo dogo. Wapelekeni wanafunzi msikiti wa Kendu Bay, na siku hiyo hiyo pitieni Gendia. Siku nyingine waonesheni michoro ya miambani ya Kwitone, Mfangano, halafu muhula ujao Got Kwer. Wenyeji wasimulie wenyewe habari za imani yao, na watoto waulize. Kutoka Mbita hadi Kendu Bay ni safari ya kwenda na kurudi kabla ya jua kutua.